Shaaban Robert na nchi zake za kufikirika: nani alizitunza baada ya yeye kuondoka?



Kuna asubuhi hapa Arusha unatoka nyumbani, iwe Sakina, Sanawari au huko Ngaramtoni, unaangalia juu unakuta Mlima Meru hauna miguu. Mawingu yamekata katikati, chini huoni kitu, kilele kiko juu kinaning'inia chenyewe kama vile kuna mtu amekifunga kamba. Mi nikiona hivyo nakumbuka Kusadikika, ile nchi ya angani ya Shaaban Robert. Nchi haijagusa ardhi, lakini ina mfalme, ina mawaziri, ina jela, na ina majirani pande zote.

Nakala niliyoisoma nilipokuwa sekondari ilikuwa ya kuazima. Haikuwa na jalada, na kurasa kadhaa za katikati zilishanyofolewa. Kesi ya Karama inakwenda siku kwa siku, sasa mimi kuna siku nzima ya kesi sikuijua mpaka namaliza shule! Nilipozunguka kwa wauza vitabu vya mitumba niliambiwa nirudi mwezi ujao, na mwezi ujao nikaambiwa hivyo hivyo. Nikaanza kujiuliza: mtu akiumba nchi yake kwa maneno, halafu akafa, nani ana kazi ya kuilinda isipotee? Mchapishaji? Serikali? Familia? Au sisi wasomaji?

Ndio maana leo naleta maisha ya mzee huyu. Mambo ya tamathali za semi tuwaachie walimu. Nataka tumwangalie kama mtu aliyejenga dunia zake mwenyewe, na tuone walioshika funguo za dunia hizo walizifanyia nini.

MTOTO WA VIBAMBANI

Shaaban Robert alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 katika kijiji cha Vibambani, kusini ya mji wa Tanga. Wakati huo nchi yetu ilikuwa chini ya Wajerumani. Hilo jina la Robert linawachanganya wengi, wanadhani alikuwa Mkristo. Hapana, alikuwa Mwislamu, na Robert ni jina la baba yake. Ukoo wake una asili ya Wayao, lakini yeye alikulia pwani na alijihesabu Mswahili.

Alipokuwa mtoto ikapiganwa Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani wakaondoka, Waingereza wakaingia. Mwaka 1922 akapelekwa Dar es Salaam kusoma shule ya Msimbazi, akasoma mpaka 1926. Kwenye mtihani wa kumaliza shule alishika nafasi ya pili kati ya watahiniwa 11 waliofaulu. Hebu fikiria, 11 tu! Siku hizi mkondo mmoja wa shule ya kata unawapita hao mara kadhaa.

Shule yake ikaishia hapo. Hakwenda chuo kikuu, hakwenda Ulaya kusomea fasihi. Nawaambia hivi kwa sababu kuna vijana wenzangu kibao waliomaliza kidato cha nne wanaona basi, maisha ya kalamu si yao tena. Huyu tunayemwita baba wa fasihi ya Kiswahili alikuwa mtu wa cheti cha shule tu, mengine alijisomea mwenyewe.

KARANI WA SERIKALI

Mwaka huohuo wa 1926 akaajiriwa kuwa karani idara ya forodha. Alikaa forodhani mpaka 1944, sehemu kubwa ya muda huo akiwa Pangani. Kisha akahamia idara ya wanyama, huko Mpwapwa, mpaka 1946. Akarudi Tanga kwenye ofisi ya wilaya mpaka 1952, halafu ofisi ya upimaji ardhi, hapohapo Tanga, mpaka 1960. Piga hesabu: miaka 34 ya kukaa kwenye meza ya serikali ya kikoloni, akijaza fomu na kunakili barua za wakubwa.

Kwa hiyo vile vitabu vyote tunavyovijua aliviandika mtu mwenye ajira, kwa muda wake wa ziada. Na mshahara wa karani Mwafrika zama zile haukuwa wa kumpa mtu jeuri.

Nyumbani nako hakukuwa kwepesi. Mke wake Amina alifariki akamwachia watoto, na Shaaban akamtungia shairi la maombolezo ambalo mpaka leo watu wazima wanalijua kwa moyo. Alioa mara tatu katika maisha yake, na kati ya watoto wake kuna waliotangulia mbele ya haki kabla yake. Aliwatungia wanawe tenzi mbili za wosia, moja ya binti na moja ya mtoto wa kiume, Utenzi wa Hati na Utenzi wa Adili. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia akatunga utenzi mrefu kweli kweli wa vita hivyo, beti zake ni kama 3,000. Mtu yuko Pangani, anasikia habari za Hitler na Mussolini kutoka mbali, anazipanga vina na mizani usiku!

NCHI ZILIZOKUWA KICHWANI MWAKE

Sasa tuje kwenye kile kilichonifanya niandike. Mashairi walikuwepo wengi wa kuyatunga pwani, tena kabla yake kwa karne nyingi. Shaaban aliongeza kitu kingine: alitengeneza nchi. Nchi nzima nzima, zenye majina, mipaka, sheria, viongozi na historia.

Kusadikika ilichapishwa mwaka 1951 na kampuni ya Nelson ya Uingereza. Nchi iko angani. Ndani yake yupo kijana Karama, ambaye kosa lake ni kutaka watu wafundishwe sheria. Waziri anaitwa Majivuno, na jina lenyewe linakwambia ni mtu wa namna gani. Anamshitaki Karama mbele ya mfalme. Karama badala ya kulia lia anaanza kujitetea siku baada ya siku kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa zamani kwenda pande sita: mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, mbinguni na ardhini. Wajumbe hao ni Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini. Kila mmoja alikwenda, akateseka njiani, akaona mambo mazuri ya nchi za wenzao, akarudi na ushauri wa kuijenga nchi. Na kila mmoja zawadi yake ilikuwa jela! Mwisho wa kesi Karama anaachiwa, na wale wajumbe wanatolewa kifungoni.

Mwaka uliofuata, 1952, kampuni ya Macmillan ikatoa Adili na Nduguze. Humo utakutana na Rai, mfalme wa Ughaibu, na Adili, liwali wa Janibu. Kwenye sanduku alikuwa na Kufikirika, aliyokwisha kuiandika miaka ya 1940, nchi ambayo mfalme wake anahangaika kupata mtoto wa kumrithi, na ndani yake yumo mwalimu mwenye jina la Utubusara Ujingahapana. Ukiviweka vitabu hivi pamoja unapata ramani. Kusadikika, Kufikirika, Ughaibu, Janibu... huyu mtu alikuwa anatengeneza dunia.

Wachambuzi wengi wanasema Kusadikika ni Tanganyika ya mkoloni iliyovalishwa kanzu nyingine. Karani wa serikali hawezi kuandika wazi kwamba wakubwa zake wanawafunga wanaosema ukweli, mkate wake ungeota mbawa. Lakini akiipeleka nchi angani, nani atamshika?

Na hapa watu wa Meru naomba mnisikilize. Kitabu kimetoka 1951. Novemba ya mwaka huohuo serikali ya Waingereza iliwahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki, upande wa pili wa huu mlima wetu, ili ardhi wapewe walowezi wafuge ng'ombe. Nyumba zilichomwa. Wameru wakafanya nini? Wakachanga pesa, wakamtuma mjumbe. Kirilo Japhet akasafiri mpaka New York, na mwaka 1952 akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa kuitetea ardhi yao, Mtanganyika wa kwanza kufanya hivyo. Ardhi haikurudi wakati ule, lakini kesi ile iliwaamsha watu nchi nzima miaka michache kabla ya TANU kuzaliwa mwaka 1954.

Sisemi kwamba Shaaban alimwandika Kirilo, kitabu kilikuwa kimeshaandikwa. Ninachosema ni kwamba Mmeru wa mwaka 1952 angepewa Kusadikika asome asingehitaji mwalimu wa kumfafanulia. Mjumbe anatumwa mbali, anarudi na maneno ya haki, wakubwa wanaziba masikio. Yeye hayo alikuwa anayaishi.

FUNGUO ZIKO ULAYA

Tatizo ni kwamba kalamu ilikuwa Tanga ila mashine za kuchapa zilikuwa kwa wengine. Angalia majina ya waliomchapisha: Nelson, Macmillan, Oxford, wote Waingereza. Diwani yake ya Pambo la Lugha ilichapwa na chuo kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg, Afrika ya Kusini, miaka ya 1940. Mswada ulipanda meli, ukasomwa na watu wengine, wakaamua wao kama unafaa au haufai, na lini utoke.

Si kwamba hakutambuliwa. Alikuwa mjumbe wa kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, na alishiriki kwenye East African Literature Bureau, ofisi ya vitabu iliyoanzishwa mwaka 1948. Alipata tuzo ya Margaret Wrong, na serikali ya Uingereza ikampa nishani ya MBE. Alitafsiri hata mashairi ya Omar Khayyam kwa Kiswahili. Mwaka 1958 ukatoka wasifu aliomwandikia Siti binti Saad, mwimbaji wa Zanzibar, kazi ambayo bila yeye leo tungekuwa na nusu tu ya habari za mama yule.

Lakini sifa na kuchapishwa ni vitu viwili. Kufikirika ilikaa. Ule utenzi wa vita ulikaa. Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote navyo havikutoka akiwa hai. Siku za mwishoni alijaribu kuchapisha mwenyewe baadhi ya kazi zake, yaani kama vijana wa leo wanaorekodi nyimbo wakachoma CD wenyewe baada ya kuchoka kungoja. Hakuwa na mtaji wala mtandao wa kusambaza.

Uhuru ukaja Desemba 1961. Miezi sita baadaye, Juni 1962, Shaaban Robert akafariki dunia akiwa na miaka 53. Nchi ambayo wajumbe wake waliiota angani ilikuwa ndio kwanza imepata bendera.

BAADA YA KIFO: ZIKO NA HAZIKO

Sasa fuatilia vizuri hapa, maana ndipo penye mkasa.

Miaka michache baada ya msiba, milango ikafunguka. Mwaka 1967 Oxford wakatoa Kufikirika na Utenzi wa Vita vya Uhuru. Mwaka 1968 Nelson wakatoa Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote, na kazi zake wakazipanga kwenye mfululizo wa Diwani ya Shaaban wenye vitabu 14. Si kwa bahati. Mwaka 1967 ndio wa Azimio la Arusha, lililotangazwa hapahapa mjini kwetu, na Elimu ya Kujitegemea ikafuata mwezi mmoja tu baadaye. Kiswahili kikawa lugha ya shule ya msingi nchi nzima. Wanafunzi maelfu walihitaji vitabu vya Kiswahili, na mchapishaji anakwenda palipo na soko. Mwandishi aliyewekwa kwenye sanduku miaka 20 ghafla akawa mali.

Kisha soko likayumba. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki, yenye makao yake hapa Arusha, ikavunjika. Ile Literature Bureau aliyoshiriki Shaaban ilikuwa chini ya Jumuiya, nayo ikafa, Kenya wakaendelea na ya kwao. Miaka ya 1980 hali ya uchumi wazee wetu wanaikumbuka: sukari kwa foleni, sabuni kwa foleni, karatasi nayo haipatikani. Vitabu vingi vya Kiswahili vikaisha madukani havikuchapwa tena.

Alikuja kuviokoa mchapishaji wa nyumbani. Walter Bgoya, aliyekuwa ameongoza Tanzania Publishing House, alianzisha Mkuki na Nyota mwaka 1991 Dar es Salaam, na katika kazi zake za mwanzo ikawa ni kumrudisha Shaaban Robert: Wasifu wa Siti binti Saad, Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini, na nyingine baadaye. Kwa hilo wanastahili heshima, maana kuchapa upya kitabu cha marehemu ambacho hakiko kwenye mtihani ni kujitoa.

Neno lenyewe ndio hilo, mtihani. Kitabu cha Shaaban kikiingia kwenye orodha ya vitabu vya kutahiniwa, utakikuta kila duka, mpaka kwa machinga. Kikitolewa kwenye orodha, kwisha habari. Dar kuna mtaa na shule ya sekondari vyenye jina lake, jina linatamkwa kila siku na makondakta, lakini muulize kijana wa mtaani Kusadikika ina majirani wangapi, atakuangalia tu.

WENZETU NAO YALIWAKUTA

Msidhani haya ni ya Bongo tu. Kuna aina ya mchezo wa mezani, ulianzia Marekani, Dungeons & Dragons, ulitoka mwaka 1974. Watu wanakaa kuzunguka meza, mmoja ni msimulizi, wengine kila mtu anakuwa mhusika, mmoja shujaa, mwingine mchawi. Msimulizi anasema mmefika mlangoni, mnafanyaje? Wachezaji wanaamua, na kete zinaamua kama wamefanikiwa. Hakuna kompyuta, ni hadithi inayotungwa na watu wote kwa pamoja.

Mmoja wa waliouanzisha, Gary Gygax, alikuwa na dunia yake aliyoianzisha kwa kucheza na marafiki nyumbani, akaiita Greyhawk. Mwaka 1980 kampuni yake ya TSR ikaichapisha, ina ramani na falme kibao. Katikati ya miaka ya 1980 ukazuka ugomvi wa umiliki, Gygax akapoteza usukani, mwaka 1986 akaondoka. Greyhawk ikabaki na kampuni! Mwenyewe yuko hai, anaona wengine wanaandika nchi yake, na mwaka 1988 wakatoa kitabu cha kuifanyia utani ngome yake maarufu. Mwaka 1993 kampuni ikaacha kabisa kuichapisha, eti kuna dunia nyingine zinauza zaidi. Mwaka 1997 TSR ikanunuliwa na Wizards of the Coast, na mwaka uliofuata Greyhawk ikafufuliwa. Gygax alifariki mwaka 2008. Mwaka 2024, mchezo ulipotimiza miaka 50, Greyhawk iliwekwa ndani ya kitabu cha kuwafundisha wasimulizi wapya kama mfano wa dunia iliyojengwa vizuri.

Kilichoibakiza hai miaka ile ya giza ni nini? Wachezaji. Kampuni ilipoacha kuchapisha, watu waliendelea kukutana kwenye meza zao na kucheza humohumo, wakichora ramani zao, wakizitumiana. Mchapishaji aliporudi alikuta nchi ina wenyeji.

Tofauti yao na sisi ndio hiyo. Kusadikika ilipokosa mchapishaji, ilikosa na wenyeji, kwa sababu tulifundishwa kuisoma kwa ajili ya kujibu swali. Mtihani ukiisha tunahama.

SASA NI ZAMU YA NANI?

Kuna jambo watu wengi hawalijui. Sheria ya Hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 iliweka ulinzi wa kazi ya mwandishi kwa maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo. Shaaban alifariki 1962. Jumlisha 50 unapata 2012. Kwa hesabu hiyo, hapa nyumbani nchi zake zimetoka mikononi mwa wenye funguo, zimekuwa za watu wote. Ila uwe mwangalifu: jalada jipya, dibaji na maelezo ya matoleo ya sasa ni kazi za watu wengine, usizinakili. Na nje ya nchi hesabu inabadilika, Uingereza kwa mfano wanahesabu miaka 70. Kama unataka kuuza kitu, pita kwanza COSOTA uulize.

Mi hoja yangu ni hii. Tusikae tunamsubiri mchapishaji kama vile wale wajumbe walivyomsubiri mfalme gerezani. Mchapishaji ana hesabu zake, karatasi inauzwa, mashine inakula umeme, na kitabu kisipotoka kinamla yeye. Akiona kuna watu wanaitaka Kusadikika bila kulazimishwa na mtihani atachapa, tena haraka. Kazi ya kuonyesha kwamba wapo ni yetu.

Tuanze kidogo. Hapa Arusha kuna vijana wanaochora, kuna wanaotunga, kuna wanaojua kompyuta. Chukua kete ya kawaida ya ludo. Ina pande ngapi? Sita! Na wajumbe wa Kusadikika walikwenda pande ngapi? Sita! Mchezo unajileta wenyewe. Mmoja awe msimulizi, mmoja awe Majivuno, mwingine Karama, waliobaki wawe wajumbe. Rusha kete ujue unatumwa upande gani. Njiani utakutana na nini, utarudi na ushauri gani, na mfalme atakuamini au utalala ndani? Unahitaji kalamu, daftari, na mtu mmoja mwenye kitabu kisichonyofolewa kurasa.

Atakayetengeneza ramani ya Kusadikika naomba aniletee niiweke hapa, pale kwenye kilele juu ya mawingu mi nitajua amekaa wapi akichora. Na sharti ni moja tu: jina la Shaaban Robert liandikwe juu, kubwa. Alijaza fomu za wenzake miaka 34, angalau kwenye nchi zake mwenyewe asisahaulike.

Ile siku ya kesi niliyoikosa shuleni nilikuja kuisoma baadaye, nilipopata nakala nzima kwa mzee mmoja jirani. Aliniazima kwa masharti makali, nilirudishe Ijumaa na nisilikunje. Nilirudisha Ijumaa.

Haya wadau, uwanja ni wenu hapo chini. Nani ana nakala ya zamani ya Nelson nyumbani kwao? Kuna aliyesoma Kufikirika bila kulazimishwa na mwalimu? Na kama ungerusha kete leo, ungependa utumwe upande gani? Tuandikie, ila matusi hapana.

Tuko pamoja.